Miche uliyohamishia bustanini imegeuka manjano? Chimbua mmoja kabla hujatia mbolea

Koleo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Msimu wa kuhamisha miche ukifika, picha zinazowekwa ni zile zile. Mche umetoka kitaluni ukiwa kijani, umepandwa bustanini, wiki haijaisha umepauka, na chini ya picha mtu kauliza "nitie mbolea gani?" Majibu yanamiminika: huyu urea, yule busta (mbolea ya maji ya kupulizia majani), mwingine samadi ya kuku. Anayeuliza mizizi ikoje haonekani.

Niweke msimamo wangu mapema, wa kupinga wapinge. Mche uliohamishwa karibuni ukionyesha dalili za njaa, mara nyingi chakula kipo pale pale udongoni. Kilichopungua ni mizizi ya kukifuata. Ukimwaga mbolea hapo unaongeza chumvi kwenye udongo, na chumvi inaufanya mche ushindwe hata kuvuta maji uliyokuwa unayavuta kwa shida.

Kwa hiyo majani yasubiri kidogo. Anza kwa kutoa mche mmoja kafara. Chagua unaoumwa wa kati. Ule uliokaribia kufa achana nao, kwa sababu umeshaingiliwa na kila kitu na hutajua kilichoanza ni kipi. Usiung'oe kwa kuvuta shina. Zamisha koleo upana wa kiganja kutoka shinani, zunguka pande zote, unyanyue na donge lake, kisha litumbukize kwenye ndoo ya maji uache udongo udondoke wenyewe. Ukivuta kwa nguvu, mizizi myembamba inakatikia ardhini, na ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Sasa angalia. Donge likitoka na umbo la tundu la trei vile vile, mizizi imejizungusha pembeni na hakuna hata mmoja uliochungulia nje ya donge, basi mche huo haujahamia bado, umewekwa tu. Unaendelea kuishi kwa kile kiasi kidogo cha udongo wa kitaluni uliokuja nao. Na udongo wa kitaluni, hasa ule mwepesi wa mboji au nyuzi za nazi, hukauka haraka kuliko udongo unaouzunguka. Ndiyo maana mtu anachimba pembeni anakuta unyevu, anaapa kwamba anamwagilia, kumbe donge lenyewe ni kavu katikati. Mboji ikishakauka kabisa huwa inayakataa maji, yanapita pembeni tu. Mwagilia shinani polepole, rudia mara mbili, halafu hakikisha kwa kidole.

Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa, imara ukiigusa. Ikiwa ya kahawia, laini, na ukiipitisha kati ya vidole ganda linavuka unabaki na uzi wa katikati, hiyo imeoza. Mara nyingi chanzo ni maji kukaa: hewa imetoka kwenye udongo, mizizi imekosa oksijeni, vimelea vikamalizia. Mche wa namna hii unakuwa manjano chini na unanyauka huku umesimama kwenye tope, na mwenye nao akiuona umenyauka anaongeza maji.

Ukikuta mizizi ina mafundo mafundo, hiyo ni minyoo fundo. Mche utaonekana una njaa ya kila kitu na mbolea yoyote haitausaidia kwa maana. Angalizo kwa wa maharage na jamii yake: vinundu vya bakteria wanaokamata naitrojeni vimebandika pembeni ya mzizi, ukivigusa vinabanduka, na ukivipasua vile vinavyofanya kazi vina wekundu ndani. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki.

Mizizi ikiwa safi na imeshatoka nje ya donge, hapo sasa tuhamie kwenye majani.

Tone la Asubuhi

Mkuu umeanza vizuri, endelea na majani. Mimi nasubiri kwa hamu hapo, maana chati zile za rangi zinanichanganya. Kila jani linafanana na kila picha.

Koleo

Chati zinachanganya kwa sababu zinaanza na rangi. Mimi naanza na swali moja: ni majani gani yaliyotangulia, ya chini au ya juu?

Sababu ni kwamba baadhi ya virutubisho, mmea ukipungukiwa, unaweza kuvitoa kwenye majani ya zamani ukavipeleka kwenye chipukizi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ziko kundi hili, kwa hiyo zikipungua, jani la chini ndilo linaloumia kwanza. Nyingine zikishajengwa kwenye jani hazitoki tena, au zinatoka kwa shida sana: kalsiamu, chuma, boroni, na kwa kiasi kikubwa manganizi, shaba na salfa. Hizi zikikosekana, majani mapya ndiyo yanayoonyesha huku ya zamani yakiwa yamependeza tu. Zinki nayo mara nyingi inaonekana juu.

Kwa swali hilo peke yake umeshapunguza orodha nusu. La pili: manjano limekaaje?

Jani la chini limepauka lote kwa usawa, pamoja na mishipa yake, na mche mzima una rangi hafifu: naitrojeni. Jani la chini lina manjano katikati ya mishipa lakini mishipa imebaki kijani: magnesiamu. Kingo za jani la chini zimeungua kahawia, katikati bado kijani: potasiamu, au chumvi imezidi, na hapa watu wengi wanakosea kwa sababu zinafanana sana. Jani jipya kabisa lina manjano na mishipa imechoreka kijani kama ramani ya mito: chuma. Ikizidi, jani linakuwa karibu jeupe. Manganizi inafanana na chuma ila michoro yake haikatiki vizuri, mpaka wa kijani na manjano unafifia. Salfa ni kama naitrojeni iliyohamia juu, jani jipya lote limepauka. Zinki inafanya majani madogo yaliyobanana, pingili fupi. Boroni na kalsiamu zinaua ncha ya kukua yenyewe. Ya boroni huwa na majani manene yanayokatika kirahisi.

La tatu, ambalo chati hazisemi: dalili imejipanga vipi? Njaa huwa na ulinganifu. Upande wa kushoto wa jani unafanana na wa kulia, na miche jirani inafanana. Ukiona mche mmoja umeumwa katikati ya kumi mizima, au madoa yaliyotapakaa bila mpango, au tawi moja tu, fikiria wadudu na magonjwa kwanza.

Jembe Butu

Nakusoma mkuu, ila mimi nitakupinga. Hayo ya kuchimbua miche ni ya watu wenye muda. Mimi nikiona umanjano napiga busta yenye kila kitu, ndani ya wiki mbili miche imerudi kijani. Nimeona kwa macho yangu, tena zaidi ya msimu mmoja. Sasa kuna haja gani ya kuua mche?

Koleo

Jembe Butu, karibu. Nakuuliza swali moja bila ubishi: kwenye hiyo miche, kuna mstari wowote uliouacha bila kupiga?

Jembe Butu

Niache mstari ufe kwa ajili ya majaribio?

Koleo

Haufi ndugu yangu, hapo ndipo penyewe. Mche uliohamishwa unapauka wakati mizizi inajijenga upya, na kwa kawaida wiki mbili hivi ukikaa vizuri unarudi wenyewe. Ukipiga busta siku ya saba na ukarudi siku ya kumi na nne, busta inapata sifa ambazo huenda ni za mizizi. Sisemi haikufanya kitu. Nasema kwa njia hiyo hutajua kamwe, na utaendelea kununua.

Acha miche mitano pembeni bila kupiga, iwekee alama. Ikirudi sambamba na mingine, umeokoa hela ya msimu ujao.

Na jambo jingine: usihukumu kwa majani yaliyokwisha haribika. Jani lililoungua kingo halifufuki hata ukitia dawa gani. Tazama majani yanayotoka baada ya matibabu.

Mama Kijani

Naunga mkono ya kuacha mstari, na niongeze njia yangu ambayo haihitaji kupiga bustani nzima. Nachukua kirutubisho kimoja ninachokishuku nakiyeyusha. Mfano magnesiamu salfeti, gramu 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji. Halafu nachovya au napaka majani machache tu, nayafunga uzi mwekundu. Jioni, jua likiwa limeshuka, ili yasiungue. Baada ya siku kadhaa jani lililopakwa likianza kurudi kijani na jirani yake halijabadilika, nimepata jibu. Kwa chuma inaonekana vizuri zaidi, wakati mwingine unaona madoa ya kijani pale pale tone lilipotua.

Zile busta zenye "kila kitu" zinaweza kusaidia, ila hazikwambii kilichokosekana ni nini, kwa hiyo mwakani unarudi kule kule.

Jembe Butu

Hiyo ya uzi mwekundu nimeielewa. Nitajaribu. Ila mche siui 😀

Tone la Asubuhi

Koleo hujagusa zambarau. Nyanya zangu, majani yana zambarau kwa chini hasa kwenye mishipa, na zimedumaa. Nimehamisha wakati wa baridi kidogo. Udongo niliupima kabla, fosforasi ikaonekana ya kutosha. Sasa hiyo zambarau inatoka wapi?

Koleo

Swali zuri sana hili, na ndilo linaloonyesha ninachokisema kuhusu mizizi.

Fosforasi ni mvivu wa kutembea. Naitrojeni ya aina ya naitreti inasafiri na maji, mche ukinywa maji inakuja nayo. Fosforasi inajisogeza umbali wa milimita chache tu kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo lazima mzizi ndio uifuate. Mche uliohamishwa una mizizi michache. Udongo ukiwa wa baridi, mizizi haikui na ufyonzaji unakuwa wa polepole. Matokeo: kipimo kinasema fosforasi ipo, jani linasema haipo, na vyote vinasema kweli.

Hali ya hewa ikipata joto kidogo na mizizi ikitoka, majani mapya yatakuja kijani. Ukiongeza fosforasi juu ya ile iliyopo hufaidiki sana, na fosforasi iliyozidi inaweza kuubana mche usipate zinki na chuma. Hakikisha tu maji hayajakaa, na kama umeweka matandazo mazito yasogeze kidogo udongo upate jua. Pia kuna aina za mimea ambazo zambarau ni rangi yake ya kuzaliwa, na baridi peke yake inaweza kuleta zambarau kwenye shina. Mche ukiwa zambarau lakini unakua kwa kasi ya kawaida, usiuguse.

Kisiki

Koleo nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, ila naona unaitetea mno ardhi. Kwenye udongo wa kichanga uliopigwa na mvua kubwa, njaa ya naitrojeni ni ya kweli hata wiki ya pili. Naitreti inashuka na maji, inapita chini ya mizizi, haipo tena. Mtu wa kichanga akisubiri mizizi ijijenge atasubiri mpaka mavuno.

Koleo

Kwenye kichanga nakubali bila masharti. Ila hata huko, tia kidogo kidogo mara nyingi. Ukitia nyingi mara moja, mvua inayofuata inaondoka nayo.

Kisiki

Hapo tumeelewana. Na kwa kuwa umetaja kutia, nizungumzie mbolea kwenye shimo, maana naona watu wanaunguza miche kisha wanakuja kuuliza imepungukiwa nini.

DAP, ile mbolea ya kupandia, ina naitrojeni asilimia 18 na fosforasi 46 (hiyo ya pili huhesabiwa kwa mfumo wa oksaidi, si fosforasi tupu). Urea ina naitrojeni 46. Zote mbili zikiyeyuka zinaweza kutoa amonia, na amonia kwenye mizizi michanga ni sumu. Ukiweka punje shimoni ukaketisha mche juu yake, mizizi ya kwanza kushuka inakutana nayo uso kwa uso. Dalili zake: ncha na kingo za majani zinakauka kahawia ndani ya siku chache, mche unanyauka ingawa udongo una maji, na ukichimba unakuta ncha za mizizi zimekuwa nyeusi au kahawia zikielekea kwenye punje. Wakati mwingine juu ya udongo kuna utando mweupe wa chumvi.

Weka mbolea pembeni, sentimita 5 hadi 10 kutoka shinani, na iwe chini kidogo ya usawa wa donge au ifukiwe, si kurushwa juu. Urea iliyoachwa juu ya udongo, sehemu yake inapotelea hewani. Kama umeshaunguza, toa punje unazoziona na mwagilia maji mengi kushusha chumvi, lakini kama tu udongo unapitisha maji. Kwenye mfinyanzi unaotuama utakuwa unaongeza tatizo la pili. Hapo afadhali kuhamisha mche.

Ukitaka kuamua kati ya njaa ya potasiamu na chumvi kuzidi, ambazo Koleo kasema zinafanana, angalia kasi. Njaa inakuja polepole, jani moja moja kutoka chini. Chumvi inakuja ghafla muda mfupi baada ya kutia mbolea, na miche iliyokuwa karibu na mbolea ndiyo inayoumia zaidi.

Mpenda Mboga

Naomba kusaidiwa. Kabichi. Nilichanganya maranda ya mbao mengi kwenye tuta ili kulainisha udongo, nikahamisha miche, sasa majani ya chini yote manjano hafifu na haikui. Mizizi nimechimbua kama mlivyosema, ni myeupe na imetoka nje ya donge vizuri tu.

Mama Kijani

Mpendwa hiyo ni naitrojeni, na wanaoila ni vijidudu vinavyoozesha maranda. Maranda yana kaboni nyingi sana na naitrojeni kidogo mno. Vijidudu vinahitaji naitrojeni kujenga miili yao, havikuipata kwenye maranda, vikachukua ya udongo. Kabichi nayo ni mlaji mkubwa, kwa hiyo imebaki na njaa. Mboji inayooza vizuri huanza na uwiano wa karibu kaboni 25 hadi 30 kwa naitrojeni 1; maranda yanaenda mamia kwa moja.

Kwa kesi yako mbolea inahusika kweli. Tia ya naitrojeni kidogo kidogo pembeni, kila baada ya wiki moja au mbili, hadi majani mapya yakae sawa. Msimu mwingine maranda yabaki juu ya udongo kama matandazo, huko hayanyang'anyi sana. Ukitaka kuyachanganya, yaozeshe kwanza.

Koleo

Majibu kamili hayo. Na tazama, mizizi ilikuwa mizima, hivyo tukaenda kwenye majani bila wasiwasi.

Mgeni wa Bustani

Samahani wakubwa, mimi ndio nimeanza. Miche yangu ya pilipili hoho siku tatu baada ya kuhamisha imepata mabaka meupe kama karatasi kwenye majani, upande mmoja. Na mchana inalala, jioni inaamka. Ni upungufu wa nini?

Koleo

Karibu sana mgeni. Hakuna upungufu. Mabaka meupe makavu upande unaotazama jua ni kuungua na jua. Majani yaliyokulia kivulini hayana uvumilivu wa jua kali la ghafla. Utahakikisha hivi: majani yatakayotoka sasa yatakuwa safi. Yaliyoungua yaache tu mpaka mapya yaongezeke, sehemu yake ya kijani bado inalisha mche.

Kulala mchana na kuamka jioni ni mizizi michache isiyoendana na maji yanayopotea majanini. Weka kivuli chepesi siku chache za mwanzo, mwagilia asubuhi. Ukiona haiamki hata asubuhi, hapo ndipo uchimbue.

Msimu ujao ikomaze miche kabla ya kuihamisha: siku 7 hadi 14 ikiongezewa jua na upepo taratibu na kupunguziwa maji kidogo.

Mgeni wa Bustani

Asante sana. Na yale majani mawili ya kwanza kabisa yamekuwa manjano na kudondoka, nayo ni jua?

Koleo

Hayo ni majani ya mbegu, kazi yake imekwisha. Yakidondoka usihangaike.

Ndimu Chachu

Wakuu nina mche mdogo wa ndimu nilioutoa kwenye chungu nikaupanda kando ya ukuta wa saruji. Majani mapya manjano, mishipa kijani, ya zamani yako sawa. Kwa maelezo ya juu ni chuma. Nimetupia misumari yenye kutu shimoni kama nilivyoshauriwa mahali. Nisubiri muda gani?

Kisiki

Misumari utasubiri sana. Kutu ni chuma ambacho mmea hauwezi kukitumia, na udongo wa kawaida tayari una chuma kingi kuliko ndimu itakachohitaji maisha yake yote. Tatizo ni pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo: chini ya 7 kuna tindikali, juu ya 7 kuna chokaa. Ukuta wa saruji na vifusi vyake vinaachia chokaa, pH inapanda kupita 7, chuma kinajifunga. Manganizi na zinki nazo zinakuwa adimu kwa sababu hiyo hiyo.

Jaribu kitu rahisi: chukua udongo mkavu wa pale, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Usipotoa povu haimaanishi pH ni ya chini, hapo tumia kipimo. Mboga nyingi zinapenda pH kati ya 6 na 7, ndimu nazo zinapenda upande huo wenye tindikali kidogo.

Kama una chuma cha kileti (kilichoshikwa na kemikali ili kisijifunge udongoni), soma kifungashio kuona ni kemikali ipi. Cha EDTA kinaachia chuma chake pH ikipita karibu 6.5, kwa hiyo kwenye udongo wako ni kupoteza. Unataka EDDHA, hicho kinavumilia udongo wa chokaa. Kwa muda mrefu salfa ya unga inashusha pH, ila polepole, kwa miezi, na kwenye udongo uliojaa chokaa haitafua dafu. Mti bado mdogo, mimi ningeuhamisha mbali na ukuta.

Mama Kijani

Na wenye tabia ya kumwaga majivu kila tuta wasome hapo vizuri. Majivu yana kalsiamu na potasiamu, hayana naitrojeni kwa sababu iliondoka na moshi, na yanapandisha pH. Kwenye udongo wenye tindikali ni mazuri kwa kiasi. Ukiyarundika mwaka hadi mwaka unapata mambo mawili kwa pamoja: chuma kinajifunga, na potasiamu iliyozidi inaizuia magnesiamu isiingie. Halafu mtu anaona manjano katikati ya mishipa kwenye majani ya chini ya hoho anasema "udongo hauna nguvu", anaongeza majivu.

Tone la Asubuhi

Na nyanya kuoza kitako? Kila mtu anasema kalsiamu, watu wanasaga maganda ya mayai.

Koleo

Kalsiamu kweli imekosekana kwenye tunda, ila mara nyingi haijakosekana udongoni. Inasafiri na maji tu, na maji yanakwenda kunakopotea mvuke, yaani majanini. Tunda linapoteza mvuke kidogo, linapata mabaki. Udongo ukikauka leo ukalowa keshokutwa, mkondo unakatika na ncha ya tunda inakosa. Matunda ya mwanzo huathirika zaidi kwa kuwa mizizi bado midogo. Naitrojeni nyingi, hasa ya amonia, inazidisha. Sawazisha umwagiliaji, weka matandazo, usikate mizizi kwa jembe karibu na shina. Maganda ya mayai yanayeyuka taratibu mno, msimu utaisha nayo yapo.

Jembe Butu

Nimerudi. Nyanya zangu kuna mbili majani ya juu yamejikunja kwenda juu, madogo, kingo za manjano, zimegoma kukua. Nyingine zote nzima. Nimefunga uzi mwekundu na kupaka chuma, hakuna kitu. Zinki?

Koleo

Mbili tu katikati ya nyingi nzima, kumbuka lile swali la mpangilio. Geuza jani uangalie chini. Kuna vidudu vyeupe vinavyoruka ukitikisa?

Jembe Butu

Vipo. Vidogo kama unga.

Koleo

Nzi weupe, na dalili hizo zinafanana sana na virusi vya kukunja majani ya nyanya, ambavyo vinaenezwa na hao hao. Hakuna kirutubisho wala dawa itakayouponya mche ulioambukizwa. Toa hizo mbili leo, ziweke kwenye mfuko kwanza ndipo uzing'oe, ili nzi wasirukie mingine. Kisha shughulika na nzi kwenye zilizobaki.

Usichanganye na majani ya chini yanayojiviringa, yakiwa kijani na magumu, mche ukikua vizuri. Hayo ni jua, ukavu au kupogoa sana.

Jembe Butu

Kumbe mche unauliwa tu mwishowe 😂 Haya.

Mpenda Mboga

Swali la mwisho kwangu. Samadi niliyopewa safari hii, kila nilipoitia nyanya zimetoa majani membamba yaliyojikunja kama kikombe, ncha zimepinda. Mizizi mizuri. Wadudu hakuna nimeangalia hadi chini ya majani. Tuta lisilo na samadi hiyo liko sawa.

Kisiki

Hiyo inanuka kiuagugu. Kuna viuagugu vya majani mapana vinavyopigwa malishoni, mnyama anakula nyasi, kinapita tumboni mwake bila kuharibika na kinakaa kwenye samadi miezi mingi. Nyanya, maharage na jamii yake wanaumia kwa kiasi kidogo mno.

Usiisambaze zaidi. Chukua vyungu sita. Vitatu jaza udongo uliochanganywa na hiyo samadi, vitatu udongo mtupu wa kwako. Panda maharage kote, mwagilia sawa, wiki mbili hadi tatu. Ya kwenye samadi yakitoa majani yaliyokunjamana na ya udongo mtupu yakiwa safi, samadi hiyo usiipeleke kwenye mboga, wala usiitie kwenye lundo la mboji. Tuta uliloshaweka panda mahindi au nyasi, hizo hazidhuriki, na ulipindue mara kwa mara ili vijidudu vikimeng'enye. Kabla ya kurudisha nyanya hapo, rudia vyungu vya maharage kwa udongo wa tuta hilo.

Mpenda Mboga

Vyungu nimeshaviandaa. Nitaleta picha hapa hapa.